Tola Kumi na Nne za Moshi

Sughra anashona sare za shule siku hizi, hapa hapa Multan, uchochoro wa nyuma ya soko la masonara. Ukimpelekea kitambaa anakipima mara mbili, anakikata, halafu vipande vyote vilivyobaki anakurudishia kwenye mfuko, hata nyuzi. Wateja wanasema ana dharau. Hana dharau yoyote. Kalelewa na watu wasiotupa kitu. Kemia alifaulu kwa alama ambazo sijaona mwanafunzi wangu mwingine akizipata, na hajaitumia hata siku moja. Mimi ndiye niliyemfundisha. Basi mkimaliza kusikia haya na mkataka mtu wa kumlaumu, nyumba yangu ni ile yenye mlango wa kijani, jina langu Mwalimu Iffat, na mlango siufungi.

Baba yake, Allah Wasaya, alikuwa mchenjuaji wa mavumbi. Sonara akifagia duka lake, zile taka ananunua yeye. Vumbi la sakafuni, maji waliyonawia mikono, jivu la tanuri, mikeka waliyokalia, mpaka ufagio wenyewe ukichakaa. Anaosha, anachoma, anayeyusha, na kile kibonge kinachobaki anakitia kwenye tindikali. Shaba inayeyuka, fedha inayeyuka, dhahabu inatuama chini kama tope. Gunia zima linaweza kukupa kitu cha kukaa juu ya ukucha. Uchochoro ule ulikuwa na nyumba nne za kazi hiyo, ndugu watupu, na wote wanakohoa kikohozi kimoja.

Dawa yao ni sukari guru. Ukimaliza kazi ya tindikali unatafuna kipande, koo linasafishika, moshi unashuka tumboni, yamekwisha. Babu zao walifanya hivyo hivyo. Babu zao hao hakuna aliyefika miaka hamsini na tano, lakini hilo halikumshtua mtu.

Allah Wasaya alimleta binti yake kwangu mwenyewe, mwezi wa kumi, akiwa kidato cha mwisho, ana miaka kumi na sita. Kwenye ukoo wao mzima hakuna msichana aliyewahi kufika hapo.

"Mwalimu, huyu hesabu anaziweza, kusoma anaweza," akasema. "Hii kemia ndiyo inamtoa jasho. Mfinye kidogo."

"Mimi simfinyi mtu. Niachie hapa, nenda zako."

"Usimwonee huruma. Akifaulu ataingia chuo cha uuguzi. Nataka atoke kwenye haya mavumbi yangu."

Nikamkalisha Sughra barazani, nikamwandikia hidrojeni na oksijeni zinazotoa maji, nikamwambia asawazishe. Kushoto oksijeni ni mbili, kulia moja. Binti akafikiri, akachukua kalamu, akachomeka kijinamba mbili chini ya oksijeni ya maji. H₂O ikawa H₂O₂. Akanitazama anachekelea.

"Zimelingana, Mwalimu."

"Zimelingana, hongera. Sasa kunywa."

"Ninywe?"

"Si maji hayo? Kunywa! Hiyo uliyoandika ndiyo dawa wanayopaushia vinyweleo maharusi. Ulitaka pande mbili ziwe sawa, umeharibu kitu chenyewe. Kijinamba cha chini ni cha Mungu, hukiumba wewe. Ruhusa yako ni namba kubwa ya mbele tu: vingapi vimeingia, vingapi vimetoka."

Akaitikia ndiyo. Kesho yake akafanya kosa lile lile kwenye chuma na oksijeni. Keshokutwa tena. Wiki mbili nzima tunasukumana. Mimi mdomo wangu mnaujua. "Hicho kichwa umeazima? Basi kirudishe kwa mwenyewe, pengine anakitumia!" Akawa analia kimya kimya huku anafuta kwa raba mpaka karatasi inatoboka.

Siku moja, nimechoka, nikamuuliza tu, "Baba yako akinunua gunia la vumbi, anafanya nini kwanza?"

"Analipima."

"Akishaliosha?"

"Anapima tope, anapima kilichobaki. Akichoma anapima jivu." Akafuta pua. "Baba anasema vumbi halifi, linahama tu. Kama limepungua huku, limo pahali. Litafute."

Nikamsogezea daftari.

"Sasa hapa je? Kushoto ni nyumba ya zamani. Kulia ni nyumba mpya. Watu wamehama. Hesabu vichwa."

Akainama. Chuma wanne hapa, wanne kule. Oksijeni sita hapa, sita kule. Kijinamba cha chini hakukigusa. Aliongeza namba za mbele tu, moja moja, kama baba yake anavyoongeza mawe ya mizani. Alipoinua uso hakucheka. Aliomba nyingine. Nikampa. Akaomba nyingine. Mpaka jua linazama alishamaliza kurasa mbili za kitabu, nami nilikuwa nimekaa pale na chai yangu imepoa, nina raha ambayo mwalimu huipata labda mara tatu maishani mwake.

Tangu hapo hakukamatika. Akawa anasawazisha kila kitu, pembeni mwa magazeti, kwenye mfuko wa unga, juu ya ukungu wa kioo cha dirisha langu asubuhi za baridi. Mwezi wa kumi na mbili akafika mwisho wa sura, kwenye lile swali lenye nyota: shaba ndani ya tindikali ya naitriki. Hilo huwasumbua hata walimu. Yeye alikaa nalo robo saa. Moja mbele ya shaba, nne mbele ya tindikali, upande wa pili mbili mbele ya maji, mbili mbele ya NO₂. Barabara kabisa.

"Mwalimu, hii si kazi ya Baba?"

"Ndiyo hiyo."

"Na hii NO₂ ndiyo ule moshi wa kahawia?"

"Ndiyo huo."

"Unamfanya nini mtu?"

Nilijua. Nilipokuwa chuoni chupa moja ilimwagika maabara, tukatolewa mbio, na mwenzetu aliyerudi kuchukua mkoba wake alilazwa siku tisa. Nilijua kabisa. Lakini mtihani ulikuwa karibu, na mimi ni mtu wa mtihani. Nikamjibu, "Hilo halina maksi. Fanya namba sita."

Akafanya namba sita. Ila hakuliacha. Wiki iliyofuata tukaingia mambo ya uzito, na yeye, bila kuambiwa na mtu, akarudi kwenye swali lake la shaba akalipigia hesabu kwa tola, kipimo cha nyumbani kwao. Tola kumi za shaba zinatoa tola kumi na nne na nusu za moshi.

"Moshi mzito kuliko shaba!" akasema.

"Moshi wote unatoka kwenye tindikali. Shaba haijaenda popote, imo kwenye yale maji ya kijani."

"Na yeye anauvuta wote." Akalifunga daftari. "Baba haamini maneno. Anaamini mizani. Nikimpimia mbele ya macho yake, atahamishia kazi juu ya paa."

Maana chumba cha Allah Wasaya hakikuwa na dirisha. Wachenjuaji hawataki dirisha. Upepo ukiingia unapeperusha mali, na jirani akichungulia anajua umepata nini. Moshi ulikuwa na tundu moja darini, la kupitisha kichwa cha mtoto, basi. Hapo ndipo alipofanya kazi miaka ishirini na sita. Na Sughra alitaka jambo moja tu duniani kwa wakati ule, baba yake atoke mle chumbani kabla kifua hakijamwisha. Uuguzi na mitihani vilikuwa vya huyo baba, si vyake.

Ijumaa moja asubuhi wakaniita niwe shahidi. Mizani kubwa imening'inizwa darini. Sahani moja ina mtungi wa tindikali na vipande vya shaba pembeni, tola kumi kamili. Sahani ya pili mawe. Zimetulia sawasawa. Sughra alikuwa ameandika jibu lake kwenye karatasi, akaikunja, akanipa niishike.

"Baba, tia shaba."

Akatia. Ule moshi ukapanda, mzito, rangi ya kutu, na mimi nikatimka mpaka uani nimeziba pua na mtandio. Sughra akatoka. Mama yake, Bi Hajra, akatoka. Allah Wasaya alibaki ndani na kitambaa mdomoni, anaitazama mizani.

Tuliporudi, sahani ya mtungi ilikuwa imepanda juu. Akaondoa mawe upande wa pili, moja moja, mpaka zikatulia. Tola kumi na nne, na chembe. Nikafungua karatasi nikamsomea.

Akakaa chini. "Nimetia shaba kumi," akasema, "zimeondoka kumi na nne."

"Shaba yote imo humu, Baba, kwenye haya maji. Kilichoondoka ni tindikali imegeuka moshi. Ni sumu. Hamia paani, nakuomba."

"Kumi na nne. Kila siku, miaka ishirini na sita."

"Ndiyo, Baba, ndani ya kifua chako!"

"Na dhahabu?"

"Dhahabu gani? Haimo kwenye moshi. Tazama mlinganyo, haijaandikwa popote, wala kushoto wala kulia."

Allah Wasaya akatabasamu, akamshika bintiye kichwa. "Mlinganyo wako kauandika mtu ambaye hajawahi kuosha vumbi. Mimi nimetoa dhahabu kwenye kandambili, mwanangu. Kandambili za sonara! Nani alifikiri imo kule? Lakini nimekuelewa. Nimekuelewa vizuri sana."

Na mimi, mjinga mimi, nikaenda nyumbani nimefurahi. Niliona macho yake yamekodoka nikadhani ni hofu. Nilimfahamu mtu yule miaka kumi na tano, nikajua kwamba akikosa chembe ya vumbi hulala njaa akiitafuta, na bado nikaenda nyumbani nikapika wali.

Kumbe alichokielewa ni hiki: kuna mali inapotea kwa njia ya moshi, baba yake hakuiona, babu yake hakuiona, na sasa binti yake msomi kamwonyesha tundu inamotokea.

Sonara mmoja mkubwa alikuwa amebomoa sakafu ya duka lake ya miaka arobaini, na matofali yale aliyachukua Allah Wasaya. Kuyasaga na kuyaosha kulimalizika Jumapili. Jumatatu ikawa siku ya tindikali. Sughra alikuwa kwangu, tunapitia maswali ya miaka ya nyuma. Baba yake akachukua magunia tisa, akayalowesha, mawili akalizibia tundu la dari kwa nguvu zake zote, mengine akayatundika kwa kamba chumba kizima ili moshi ugande humo. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo.

Bi Hajra alisikia anakohoa. Akagonga.

"Baba Sughra, kuna nini humo?"

"Kuna mali humu, mke wangu. Nenda kapike."

Alitoka alasiri, macho yanamchuruzika, anacheka. Hapo ndipo Sughra alipofika nyumbani. Akaona moshi unatambaa chini ya mlango, akachungulia, akaona magunia. Aliingia amebana pumzi akaruka kulivuta lile la darini. Baba yake akamrudisha nje kwa mkono akampiga kofi. Hakuwahi kumpiga tangu azaliwe.

"Unamwaga mali!"

"Baba, utakufa!"

"Nimesimama hapa, si unaniona? Nimekufa?" Halafu akaona aibu. Akavunja sukari guru vipande viwili, kimoja akampa. "Kula, usinune. Kifua kimebana kidogo tu, hii itafungua. Nikiyachoma haya magunia utaona. Chuo chako chote kimo humo ndani."

Jioni ile alikuwa mzima. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini moshi ule ndivyo ulivyo, unakuachia siku yako. Alikula mboga ya haradali na chapati mbili, akamtania mkewe kwamba magunia yamepikwa vizuri kuliko chakula. Alfajiri midomo ilikuwa ya buluu. Sughra akanijia mbio, miguu mitupu kwenye baridi ile.

"Mwalimu, anatoa povu! Povu la rangi ya waridi!"

Tulimpakia kwenye bajaji, tumemshikilia aketi maana akilala anazama. Alikuwa anataka kusema kitu na hewa haitoshi. Kabla ya adhuhuri alikata roho hospitalini. Cheti kiliandikwa homa ya mapafu. Sikubisha. Nilikuwa nimeulizwa swali mwezi mzima nyuma na sikulijibu, sasa ningebisha nini mbele ya daktari?

Baada ya hitima ya siku ya tatu, mdogo wake marehemu, Khuda Bakhsh, akakusanya yale magunia tisa. Akayachoma, akaosha jivu, akayeyusha. Chini ya kijungu ikabaki punje ya dhahabu, ndogo kama ufuta. Akaishika kwa koleo, akawapitishia watu wote uani.

"Mmeona? Kaka alijua! Babu zetu wote walipitwa, yeye kaiona!"

Uchochoro mzima ukasisimka. Bi Hajra akapewa ile punje. Akaifunga kwenye ncha ya mtandio wake, na kila aliyekuja kutoa pole alionyeshwa fundo. "Mume wangu aliona ambacho hakuna aliyeona," anasema, na uso wake unatulia kidogo. Wanawake walikuwa wanambusu mkono. Na nyumba zile tatu zilizobaki, kila mmoja akaanza kulowesha magunia. Khuda Bakhsh alishaziba tundu lake, anangoja shehena ya Alhamisi.

Sughra hakulia mbele za watu. Alimfuata baba yake mdogo mlangoni, nami nikiwa nyuma yake.

"Baba Mdogo, yale magunia yamebeba vumbi miaka tisa. Ukichoma shati la Baba utapata. Ukichoma huo mkeka unaoukalia utapata."

"Wewe si ndiye uliyemwonyesha? Leo unamgeuka, hata kaburi halijakauka!"

"Nunua magunia mapya dukani. Tundika, tia tindikali, funga mlango, na mtu asibaki ndani. Tukikuta dhahabu, sitafungua mdomo wangu tena."

Khuda Bakhsh akataka kumfukuza, lakini mchenjuaji hawezi kukataa jaribio la mizani na moto. Ndiyo dini yao ya pili. "Haya," akasema. "Mbele ya watu wote."

Ikafanyika Jumatano, mchana kweupe. Magunia mapya, bado yana harufu ya duka. Mlango ukafungwa, sisi sote uani, Bi Hajra kakaa juu ya kitanda cha kamba na fundo lake mkononi. Moshi ulipokwisha wakayachoma, wakaosha jivu, wakayeyusha. Khuda Bakhsh akapasua masazo ya kijungu kwa nyundo, akatazama kwa lenzi ya sonara. Akayasaga, akaosha upya, akayeyusha upya. Akatazama tena.

Hapakuwa na kitu.

Akaweka lenzi chini, akaegemeza ngazi, akapanda paani. Tukamsikia anang'oa magunia kwenye tundu. Akawaita wenzake. Kabla ya alasiri matundu yote manne yalikuwa wazi, na Khuda Bakhsh alikuwa anatoa mitungi yake uani, penye hewa, akitukana.

Nikamshika Sughra bega. Nilitaka kumpongeza, nadhani. Mama yake akawahi.

"Umewaponya," Bi Hajra akasema. "Waume za wenzako watapona."

"Mama, wangekufa Alhamisi."

"Najua wangekufa. Nimekaa hapa, nimeona. Mimi nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja, kwamba hakufa bure."

Sughra akanyoosha mkono amshike mama yake.

Bi Hajra akalifungua lile fundo kwa meno. Akatoa punje, akamwendea shemeji yake, akaidondosha kwenye karai lenye vumbi la siku ile.

"Ichanganye na mengine," akamwambia. "Ni ya magunia."